Sufuria ya Pili

Kwa Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko punje za maharage nilizochambua leo asubuhi, na unajua mimi huchambua ya kulisha kiwanda kizima. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua na kuku wako bado wanataga. Wasalimie watoto wote, na yule mjukuu wa mwisho mwambie bibi yake mdogo hajasahau kwamba alimng'ata kidole. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima. Nairudia kwa sababu najua hutaiamini: ni mzima, nasimama kwa miguu yangu miwili, na jana nilikoroga sufuria ambayo wewe ungeweza kuoga ndani yake.

Barua yako niliipata. Niliisoma nikiwa nimekaa, kisha nikaisoma tena nimesimama, maana mara ya pili hasira ilikataa kukaa. Unasema wewe na Kaka mkubwa mmefanya kikao, mkakubaliana niache kazi ya kantini, nifunge virago, nije kwako nipumzike na kulishwa vizuri. Unasema mgonjwa hapiki, mgonjwa hupikiwa. Unasema umeambiwa nimekonda mpaka mishipa ya shingo inahesabika. Na mwisho ukaniwekea methali, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Dada, siji. Naliandika hapa juu kabisa ili usianze kuhamisha magunia yako kwenye kile chumba cha nyuma. Kwa heshima zote, na kwa adabu uliyonifundisha wewe mwenyewe kwa kunifinya sikio, siji. Na hilo guu mnalonitishia ndilo ninalolilinda kuliko kitu kingine chochote mwilini. Muuguzi wa kliniki alishanieleza kwamba kwa watu wenye kisukari kama mimi, kidonda kidogo cha kidole kinaweza kuondoka na mguu mzima. Kwa hiyo nalikagua kila jioni, nalikausha katikati ya vidole, sivai viatu vya kubana, na jikoni siingii na ndala. Nitajie mtu mwingine katika ukoo wetu anayeliheshimu guu lake kiasi hicho.

Kukonda, ni kweli nimekonda. Kile kitambi hakikuwa urithi wa Baba kwamba nikikipoteza nitaitwa kwenye kikao cha familia. Muuguzi aliponipima alinipa hongera, ninyi mnanipa pole. Ajabu yenu ni kwamba nilipokuwa mnene, nahema kama treni nikipanda ngazi tatu, naamka kila saa kwenda msalani, mlikuwa mnasema nimependeza, nimetulia, maisha yamenikubali.

Naandika barua na sipigi simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu ungenikatiza kabla salamu hazijaisha, kisha ungelia, na mimi nikikusikia unalia nakubali kila kitu. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Hujawahi kuingia jikoni kwangu, kwa hiyo ngoja nikueleze. Kantini yetu iko nyuma ya ghala la magodoro, chumba kirefu chenye dirisha moja pana la kupitishia sahani. Vumbi la sponji linapenya kila mahali, kwa hiyo kila sufuria ina mfuniko na kila mfuniko una kitambaa. Tuko wapishi wawili, mimi na mwenzangu mmoja tunayemwita Bibi Harusi kwa jinsi anavyojipamba kuja kumenya vitunguu. Wafanyakazi wa kiwandani wananiita Mama Mwiko. Tangu nilipoajiriwa pale, chai ya asubuhi ilipikwa na sukari ndani yake. Anayepika ndiye anayeamua utamu wa watu wote, na asiyeupenda atajiju.

Hivyo ndivyo Mama alivyotulea. Kwake chai isiyonata midomo ilikuwa matusi kwa mgeni. Na wewe ndiwe uliyeurithi mkono wake, mimi nilipata mwiko tu. Kwako hata mchuzi wa maharage unapata kijiko cha sukari ili kuvunja ukali wa nyanya, na viazi vitamu vinachemshwa kwenye maji ya sukari, kana kwamba jina lake halijatosha. Sisemi kwamba si vitamu. Nimekula kwako mpaka nikafungua zipu chini ya meza, unajua.

Sasa fikiria mpishi aliyeambiwa ana kisukari. Mpishi lazima aonje. Kijiko cha chai hapa, cha mchuzi pale, kijiko kingine kuhakikisha, na kingine kwa sababu Bibi Harusi anabisha. Nilikuwa nakwenda kliniki naapa kwamba sijanywa hata kikombe kimoja cha chai ya sukari, na ni kweli sikuwa nimenywa kikombe. Nilikuwa naonja tu. Muuguzi akanitazama kama anavyotazamwa mtoto mwenye masizi mdomoni, akaniuliza kazi yangu ni nini. Nilipomjibu, alicheka mpaka akavua miwani.

Alinishauri nitafute kazi nyingine. Nikamwambia kazi hii siachi, labda kazi ndiyo iniache. Nikarudi, na kesho yake asubuhi nikapandisha sufuria ya pili. Chai ileile, maziwa kidogo, tangawizi iliyopondwa, mdalasini na iliki, sukari hakuna hata chembe. Bakuli la sukari nikaliweka nje, mezani, na kijiko chake, anayetaka ajitilie kwa mkono wake. Mchana nikafanya hivyohivyo na chakula. Maharage yangu nikayapa kitunguu saumu, nyanya zilizoiva zenyewe na ndimu mwishoni. Samaki nikamchoma badala ya kumzamisha kwenye mafuta. Wali mweupe wa anasa nikauacha, nikapika mchele usiokobolewa, na sahani nikaipanga kama nilivyofundishwa, mboga zichukue nusu nzima, wali ukae pembeni kama mgeni asiyealikwa. Badala ya juisi nikakata matunda. Na nikaonja kwa raha zangu, Dada, kijiko baada ya kijiko, wala hakuna aliyenihukumu.

Usidhani nilipigiwa makofi. Waliiita sufuria ya hospitali. Kuna fundi mmoja wa cherehani za magodoro aliyeniuliza kama kuna maiti ninayemwandalia. Msimamizi wetu, yule anayetembea na kalamu mbili mfukoni na hakuna hata moja inayoandika, alikuja akafunua mfuniko, akanusa, akasema wafanyakazi wanahitaji nguvu, si majani. Nikamtilia sahani. Akaila yote akiwa amesimama, akafuta mdomo, akasema haifai. Nikamwambia kama haifai basi arudishe niliyompa. Bibi Harusi alilazimika kukimbilia stoo akacheke huko.

Lakini watu wakaanza kuja. Hawakuja kwa jina lao. Mmoja alikuja akasema anamchukulia rafiki yake ambaye tumbo halipo sawa. Mwingine anamchukulia mwenzake wa zamu, mwingine anataka kuonja tu, kila siku anaonja sahani nzima. Kama wote walikuwa wasema kweli, basi kiwanda kile kina marafiki wagonjwa wengi kuliko wafanyakazi. Nilikuwa nawatilia bila kuuliza. Nilijua wanaona haya, maana hata mimi nilipoambiwa nina kisukari nilizunguka nyuma ya kliniki ili nisionekane nikitokea mlango ule. Haya ya nini, sijui. Hakuna aliyeiba kitu.

Miongoni mwao alikuwemo dereva mmoja wa lori. Huyu si wa kiwandani, huja kupakia magodoro kuyapeleka madukani. Mara ya kwanza alisema sahani ni ya utingo wake. Utingo mwenyewe, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya sufuria ya kwanza na sahani iliyofurika. Nikamtazama dereva, akatazama chini, nikamtilia. Tangu siku hiyo kila akija kupakia anakaa pale nyuma, karibu na mapipa ya maji, anakula polepole kama mtu anayesoma. Siku moja aliniambia kwa sauti ndogo kwamba tangu mwaka jana anatumia vidonge vya kisukari na nyumbani kwake hakuna anayejua. Vidonge anavificha kwenye lori, ndani ya kisanduku cha fyuzi.

Nikamuuliza kwa nini amfiche mkewe. Akasema mkewe ni mpishi. Akaniambia kwamba kwa mke huyo, kumwambia chakula chake kinamuumiza mtu ni sawa na kumwambia yeye mwenyewe ni sumu. Siku moja aliacha nusu sahani, akaulizwa amekula kwa nani, ikawa kesi ya siku tatu. Kwa hiyo akabuni njia yake. Akiwa safarini anameza kidonge kama alivyoandikiwa na daktari. Lakini siku ya kurudi nyumbani anameza mara mbili, mapema, akiwa bado barabarani, kama mtu anayefungua mwavuli kabla mvua haijanyesha. Anajua mezani kuna nini, na anajua hawezi kukataa.

Hayo ya kumeza mara mbili hakuniambia siku ile. Niliyajua siku alipoanguka.

Ilikuwa siku ya kupakia, naye alipanga kufika nyumbani mchana. Asubuhi hiyo hakula kitu, anaacha nafasi ya chakula cha mkewe, na vidonge vyake vya kujihami ameshameza. Mashine ya kufungashia ikagoma. Malori yakajipanga nje ya geti, hakuna linaloingia wala linalotoka, jua likapanda. Mimi nilikuwa nakaza aproni nikasikia kelele uani. Nikatoka nikamkuta ameketi chini ya tairi, jasho limemlowesha shati zima, mikono inamtetemeka, anaongea maneno yasiyoshikana. Watu wamemzunguka wanasema amelewa. Utingo wake anaapa kwamba bosi wake hanywi, na wao wanasema ndio maana imemzidi.

Nilijua kwa sababu muuguzi alinifundisha. Sukari ikishuka mno mwili hufanya vilevile. Dada, mimi adui wa sukari, mimi niliyekataa kuionja, nilikimbia jikoni nikanyakua lile bakuli, nikakoroga maji ya sukari mazito na kurudi mbio nikiwasukuma wanaume kwa viwiko. Alikuwa bado anaweza kumeza, namshukuru Mungu kwa hilo. Nikamshika kichwa nikamnywesha funda kwa funda, huku namtukana. Sijui kwa nini nilimtukana. Niliogopa sana. Macho yakaanza kunitambua, akaniita jina langu la nyumbani, lile ambalo hakuna mtu kiwandani anayelijua, na mimi nikaanza kulia mbele ya wapakiaji wote.

Msimamizi akaja na kalamu zake. Akasema hayo ndiyo matokeo ya chakula kisicho na nguvu, kuanzia leo sufuria ya pili ishuke na chai ipikwe kama zamani. Nilikuwa bado nimepiga magoti kwenye vumbi. Nikasimama nikamwambia hivi, mbele ya kiwanda kizima: kwamba mtu huyu hajala kwangu leo, angekula asingeanguka. Kwamba mimi Mama Mwiko nina kisukari, nimekuwa nacho wakati wote nikiwalisha, na kama kuna anayeona kinyaa aje aseme. Kwamba sufuria ya pili ikishuka, na ya kwanza itashuka, na aproni nitamvisha yeye. Nikaivua kabisa, nikamnyooshea.

Hakuipokea. Yule fundi wa cherehani aliyeniuliza habari za maiti akapaza sauti kutoka nyuma kwamba na yeye anacho, na kwamba sahani za rafiki yake zote alikuwa akila yeye. Watu wakacheka, kisha mama mmoja wa kufagia akainua mkono, na mwingine. Msimamizi akasema atalifikiria suala hilo. Bado analifikiria mpaka leo, na sufuria ipo mekoni. Siku hizi watu wanakuja dirishani kwa majina yao, na wananiuliza nimeifanyaje mboga ikawa hivi, wakawaambie wake zao, na wengine waume zao.

Sasa unaelewa kwa nini siwezi kuja kupumzika. Nikiondoka nani atasimama pale? Bibi Harusi ana moyo mzuri lakini nikigeuka tu anatumbukiza sukari, anasema mkono umeteleza. Na mimi mwenyewe nitakuja kwako nile nini? Utanipikia kwa mapenzi, na mapenzi yako nayajua, yanapimwa kwa kikombe kikubwa. Nikikataa utanuna. Nikila nitakufa kwa adabu. Sitaki, Dada. Nimekataa kufa kwa adabu.

Nimefika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito, kwa hiyo naandika harakaharaka. Nadhani umeshamjua huyo dereva. Umemjua pale kwenye nusu sahani na kesi ya siku tatu. Ni Shemeji. Mumeo ana kisukari, na aliyeanguka mikononi mwangu ni yeye.

Usiitupe barua. Soma.

Unakumbuka mara ya mwisho nilipokuja kwako, nilipotoa chakula changu nilichopika mwenyewe nikaweka mezani? Ulisema mbele ya wageni kwamba hicho ni chakula cha kuagia dunia, kwamba mwanamume wako hawezi kulishwa majani kama mbuzi. Watu wakacheka, na yeye alicheka. Alikuwa ameshapimwa wakati huo, Dada. Alicheka na majibu ya kipimo chake yakiwa mfukoni. Mimi sikujua lolote siku ile, nilinuna tu kwa ajili yangu mwenyewe. Sasa nikiukumbuka uso wake nakasirika upya, na safari hii si kwa ajili yangu.

Mwanzoni alinikataza nisikuambie. Sikumuahidi kitu. Nilimwambia mficha maradhi kilio humuumbua, na kwenye kilio hicho mimi siendi. Anakuogopa kuliko anavyoogopa ugonjwa, nami nimemwambia amekosea, kwamba dada yangu ana mdomo mkali lakini hajawahi kumnyima mtu uhai. Nimekusemea vizuri. Usiniaibishe.

Hujamtilia sumu, asikudanganye mtu, wala sukari si uchawi. Umeona mwenyewe ndiyo iliyomwamsha. Iondoe tu ndani ya sufuria, iweke mezani, kila mtu ajitilie kadiri ya mwili wake. Mkono wa Mama haukuwa kwenye sukari. Ulikuwa kwenye kitunguu alichokaanga bila haraka, kwenye ndimu aliyojua lini aikamue, na hayo yote unayo. Kliniki wameshamrekebishia vidonge na kumkanya asirudie kumeza mara mbili. Vidonge na chakula vinakwenda pamoja, kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote nenda naye, ukae kiti cha mbele, umsumbue muuguzi kwa maswali kama unavyojua kusumbua. Ukitaka kuona ninavyopika, njoo wewe kwangu. Aproni ya tatu ipo. Na ukikataa, ukaendelea kupika kama zamani kwa sababu ya kiburi, basi jua kwamba sufuria yangu haishuki na mumeo nitaendelea kumlisha, hata ukininunia mpaka tuzikwe.

Nisalimie Kaka mkubwa, mwambie azimio la kikao limepokelewa na limekataliwa. Wasalimie majirani walioniona nimekonda, waambie wana macho mazuri. Bibi Harusi anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema anataka kumwona mtu aliyenifundisha ukaidi.

La mwisho ni hili. Nilimwambia Shemeji akuambie kwa mdomo wake, akanijibu kwamba mdomo wake mbele yako haujui kufunguka ila kwa kula. Basi nikamwambia abebe karatasi. Nimemsomea yote, anajua kila neno lililomo, na amekubali akukabidhi kwa mkono wake na asiondoke mpaka umalize. Kwa hiyo najua yuko hapo mlangoni sasa hivi, funguo za lori mkononi, anaangalia kila kitu isipokuwa uso wako. Hajala tangu nilipomtilia asubuhi, na safari ni ndefu. Weka barua chini, Dada. Muulize angependa kula nini.

Ni mimi mdogo wako, mkaidi na mwenye afya,

Mama Mwiko